Shibiri Yangu Kichwani mwa Baba

Inchi moja ni pingili ya juu ya kidole gumba cha baba yangu. Msinibishie. Najua wapo watakaoniletea rula, na wailete tu, lakini mimi nilijifunza inchi kwenye kidole kile, chenye ukucha uliopasuliwa katikati na sindano ya cherehani. Pingili moja, inchi moja. Vidole vinne vikilala pamoja bila gumba, yaani nyanda nne, inchi tatu. Shibiri, ukiukunjua mkono kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, inchi tisa. Mkono mzima, kuanzia kiwikoni, inchi kumi na nane. Na ukinyoosha mkono pembeni, kutoka puani mpaka vidoleni, hiyo ni wari, inchi thelathini na sita. Mungu alimuumba baba akiwa na futikamba yake mwilini.

Alikuwa fundi cherehani pale Iringo, Musoma mjini, kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara mmoja wa siku nyingi. Miaka ya mwanzo hakuhitaji kupima kwa vidole. Alikuwa na futikamba ya njano aliyoachiwa na tajiri wa Kihindi aliyemfundisha kazi, na aliivaa shingoni hata akienda msikitini, watu wakamtania kwamba siku ya kiama atapimia watu kanzu za peponi. Halafu ikaja ile miaka ya shida. Waliokuwepo wanaijua, sina haja ya kuihubiri. Sabuni ilikuwa hadithi, na dukani ulikuta rafu na muuzaji, basi. Futikamba ikachakaa namba zote zikafutika kwa jasho la shingo, na nyingine haikupatikana Musoma wala Bunda. Na baba mwenyewe akaingiwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Waliomwambia aende Mwanza kwa madaktari walikuwa wengi. Waliomwambia atasafiri na nini na atakula nini akiwa huko, sikumsikia hata mmoja.

Alibaki anaona mwanga na vivuli. Cherehani aliijua kwa vidole, na mkasi aliufuatisha kwenye mkunjo wa kitambaa kwa gumba, taratibu, huku amefumba macho kabisa kwa sababu alisema ule ukungu unamchanganya. Kwa wateja wanaume hapakuwa na taabu. Mwanamume haoni haya kupapaswa na fundi: shibiri mbili bega hadi bega, mkono na shibiri kiuno hadi goti, kazi imekwisha.

Taabu ilikuwa kwa wanawake. Ukiwa na futikamba unaizungusha, unashika ncha mbili, unatazama pembeni, heshima imelindwa. Lakini shibiri haina ncha ya kushika. Shibiri ni kiganja kizima. Mkono wa mwanamume juu ya kifua cha mke wa mtu, pale barazani, na watu wanapita kwenda sokoni? Astaghfirullah. Na fundi asiye na wateja wanawake atakula pindo za suruali?

Ndipo nikawa mkono wake. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Mama na baba walikuwa wamekwisha achana, mama ameolewa Bunda, na kila aliyetoka Bunda alileta salamu moja: huyo mtoto aje akae na mama yake. Baba alijibu kila mara, "Mwambieni namhitaji." Na mimi, nisiwafiche, neno hilo lilinivimbisha kichwa. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye stuli, akaukunjua mkono wangu juu ya wake, akalinganisha vidole kwa vidole, akasema, "Shibiri yako inchi saba. Wewe pima, hesabu niachie mimi."

Basi nikawa naingia na mteja nyuma ya pazia la gunia, nampima kwa kiganja changu, halafu natoa sauti: "Kifua shibiri tano kasoro nyanda mbili! Kiuno shibiri tano kamili!" Nilikuwa natangaza kama muadhini. Mama mmoja muuza samaki alinifinya sikio nusura aling'oe: "We mtoto, unanadi kiuno changu mtaa mzima, nimekwambia nakiuza?" Tangu siku hiyo nikafundishwa kutoka na kumnong'oneza baba. Yeye alitulia kidogo, midomo ikichezacheza, akizidisha shibiri zangu kwa saba, na inchi zikipatikana hakuzitaja. Alikata tu.

Kazi zenyewe miaka ile zilikuwa za kuhuzunisha. Kugeuza kola iliyochakaa upande wa ndani utoke nje. Suruali ya baba iwe kaptula ya mtoto. Kiraka juu ya kiraka, mpaka hujui tena shati lilikuwa la rangi gani. Gauni jipya la mwanamke lilishonwa kwa nadra, na likishonwa lilikuwa pana, la kuvaliwa na mwenye mimba na asiye nayo. Ndiyo maana lile kosa lilikaa miaka bila mtu kulijua.

Nilipomaliza darasa la saba nikawa barazani kutwa. Miaka miwili mitatu ikapita, na nguo zikaanza kutoka zimebana. Mwalimu mmoja alirudi na blauzi, akaiweka juu ya cherehani: "Fundi, hii umenishonea au umenifunga bandeji?" Baba akaipapasa, akaipima, akaomba radhi. Akaanza kuongeza inchi moja kwa kila mwanamke, akaiita inchi ya sadaka. Baadaye zikawa mbili. Hakuniambia kitu, lakini nilimwona anavyoushika mkasi, anauweka chini, anaushika tena. Alidhani mikono nayo inamsaliti kama macho. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na salamu zao zikawa za mbali.

Mwenye duka akaja siku moja asubuhi, akachuchumaa karibu na cherehani. Hakuwa mtu mbaya. "Fundi, mzee wangu, nakuheshimu," alisema. "Lakini mteja mmoja tena akija kupiga kelele hapa, baraza nitampa fundi mwingine. Nami nina duka." Baba akasema, "Umesema kweli." Hakula mchana ule. Nami nilijua hesabu yake hata bila shibiri: baraza ikienda, cherehani itakwenda kukaa chumbani, baba atakaa nayo humo gizani, na mimi nitapakiwa kwenye gari kwenda Bunda.

Wakati huo mambo yalikuwa yameanza kulegea. Serikali ilikuwa imeruhusu wenye uwezo walete mali kutoka nje, na vitambaa vikaanza kuonekana kimoja kimoja, kwa bei ya kukutoa machozi. Ndipo akatokea mama mmoja kutoka Butiama, mkulima, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na binti yake anayeolewa. Alikuwa na kitambaa cheupe cha kung'aa, mpwa wake amemletea kupitia mpakani Sirari. Alikifungua juu ya mapaja ya baba.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwaga nashonesha kwako toka huyu binti hajazaliwa. Watu wameniambia fundi huyo amekwisha, nikawaambia mkome. Lakini kitambaa ni hiki hiki. Nimeuza ng'ombe. Hakuna kingine."

Baba alikipapasa mwanzo mpaka mwisho, akakipima kwa mikono. Kilitosha, bila hata kipande cha kubaki. Nikaingia na binti nyuma ya pazia. Mabega, mikono, urefu. Kifua shibiri nne na nusu. Kiuno shibiri tatu na nusu. Nikamnong'oneza baba, akahesabu, akatabasamu.

"Binti mwembamba," akasema.

"Mwembamba? Huyu anayemaliza ugali wa watu wanne?" Yule mama akacheka, akampiga binti yake begani, na nilivyomwona alifurahi kusifiwa mtoto. Wala hakuna aliyejiuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Baba aliishona nguo ile kama mtu anayeshona kiapo chake. Mshono mmoja aliurudia mpaka nikakasirika. Na kwa kuwa kwao gauni la harusi fundi hulipeleka mwenyewe nyumbani kwa bibi harusi na kulimalizia hapo, siku moja kabla ya harusi tulipanda lori. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa juu ya shati na suruali, kanzu nyeupe ya tetroni, moja tu aliyokuwa nayo, maana alisema tunakwenda kwenye furaha ya watu. Tukashuka Kiabakari, tukapata lifti ya trekta mpaka Butiama. Njia nzima nilimkumbatia yeye, na yeye amekumbatia gauni.

Gauni halikufunga.

Lilishuka vizuri kichwani, likapita mabega, likakwama kifuani. Nilivuta. Binti akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Mgongoni palibaki pengo la vidole vitatu, na nilipozidi kuvuta uzi ukaanza kulia. Baba alikuwa amesimama nje ya mlango akisubiri nimwambie "tayari." Ni yule mama aliyepiga kelele.

"Yesu na Maria! Kesho padri anatungoja! Fundi, umeniua! Umeniua mchana kweupe!"

Baba akashika mwimo wa mlango. "Mpime tena," akaniambia. Nikampima tena yule binti. Shibiri nne na nusu, vile vile. Akaomba gauni apewe, akalilaza mezani, akalipima kwa vidole vyake mwenyewe. Lilikuwa hasa alivyokusudia, pamoja na inchi mbili za sadaka. Mimi nilikuwa sahihi, na yeye alikuwa sahihi, na gauni halifungi.

"Basi kuna mchawi kati yenu," mama akasema, machozi yanamtoka. "Watu walinionya. Kipofu na mtoto! Nimempa kitambaa changu kipofu na mtoto!"

Nilimjibu. Majibu yenyewe nayameza, maana alikuwa mtu mzima na nyumba ilikuwa yake. Baba akagonga meza. "Nyamaza! Usinitie aibu juu ya aibu." Halafu akainamisha kichwa, na nikaona midomo inachezacheza ile ya hesabu. Akanyoosha kiganja. "Lete mkono."

Nikampa. Akauweka juu ya wake, gumba juu ya gumba, akaukunjua. Kidole changu cha mwisho akakitafuta pale alipokitegemea, hakukikuta. Akasogea mbele, akakikuta karibu na mwisho wa chake mwenyewe. Akarudia. Akakipapasa kile kidole, ukucha na pingili, kama anayepapasa kitu asichojua ni cha nani.

"Hii siyo saba," akasema.

"Saba gani, baba?"

"Shibiri yako. Shibiri yako ni inchi saba."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikupima mimi."

"Baba, siku ile nilikuwa na miaka kumi na moja," nikamwambia. "Sasa nina kumi na saba."

Kisha yule mama, na machozi yake mashavuni, akaachia kicheko cha kutoka tumboni. "Mzee, watoto wanakuaga! Hata ndama wanakuaga!"

Baba hakucheka. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Hakuna aliyeniambia," akasema.

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuielewa vizuri mpaka leo. Hakuna aliyemwambia! Miaka sita nimemtungia uzi kwenye sindano. Nimempikia, nimemshika mkono kwenda na kurudi msikitini, nimekaa naye goti kwa goti kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Nikamwambia, "Mimi nipo hapa hapa, baba. Nimekulia hapa hapa mbele yako." Nikalia kwa sauti, mbele ya wageni, na sikujali. Alikuwa na mtoto wa miaka kumi na moja kichwani mwake, na mtoto huyo hakuwa mimi.

"Ndiyo," akasema baba. "Mbele yangu." Akasimama, akavua kanzu. "Nipe mkasi."

"Fundi, hiyo si kanzu yako ya Ijumaa?" mama akauliza.

"Ijumaa itanipokea na shati. Nipe mkasi, mwanangu, na safari hii hesabu kwa nane."

Alikata kanzu kutoka shingoni mpaka chini. Akatoa vipande viwili virefu, akafumua mishono ya ubavuni ya gauni, akavipachika kuanzia kwapani mpaka nyongani, akishona kwa mkono, mimi namtungia uzi. Tetroni haikung'aa kama kile kitambaa, lakini bibi harusi akishusha mikono haionekani. Yule mama alipopoa hasira akarudisha mdomo wake: "Kesho padri atambariki binti yangu akiwa amevaa nusu ya shehe. Nyie, Mungu ana kazi!" Jua halijashuka sana, gauni likafunga. Binti akavuta pumzi ndefu mpaka ndani, akatuonyesha kwamba anaweza. Mama akapiga vigelegele, akatufungia mtama na jogoo.

Kesho yake tulikuwa Kiabakari, tunangoja lori la kuturudisha mjini. Baba na shati lake, jogoo amefungwa miguu pembeni. Mara akaniambia, "Simama ukutani hapo. Visigino viguse ukuta."

Nikasimama kwenye ukuta wa duka moja la barabarani, watu wanatutazama. Akatafuta utosi wangu, akashangaa kuupata juu vile, akaweka kiganja pale ukutani, akaniambia nitoke. Halafu akachuchumaa, akaanza kupima kutoka chini kwa shibiri zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akipanda. Zikafika saba. Akaongeza nyanda tatu. Alibaki amesimama mkono juu ukutani, uso kwenye plasta.

"Inchi sitini na tano na ushei," akasema. "Wewe ni mrefu kuliko mama yako."

Tulipofika Iringo alikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka. Akamwambia kosa halikuwa la mkasi wala la mikono yake. "Binti yangu amekua, mimi nikawa sijui." Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta, na baraza ikabaki ya baba. Alimwambia na yule mwalimu wa blauzi, akamwambia muuza samaki, akawaambia msikitini. Kila aliyepita na kumuuliza habari za kazi, jibu lilikuwa hilo hilo: kazi nzuri, ilikuwa shibiri tu, binti yangu amekua. Wateja wakarudi. Nguo zikakaa sawa. Sijawahi kumwona na furaha kama ya miezi ile.

Lakini mzee wa watu, mjini humu, ukisimama barazani mwaka mzima unatangaza kwamba binti yako amekua, unadhani watu wanasikia nini? Wenye vijana walisikia. Posa ikaja kutoka Bunda, wazee watatu wenye kofia safi, kwa niaba ya kijana niliyekuwa namjua na ambaye, niseme ukweli, nilimtaka. Nilikaa nyuma ya pazia nikisikiliza. Baba alijua walichokuja kuchukua. Fundi asiyeona, mkono wake unaopima wanawake unahamia Bunda, na aliyeunadi ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Walizunguka na salamu, mvua, bei ya dagaa. Mwisho mmoja akauliza, kwa adabu tu, kama inavyoulizwa, "Na binti yetu sasa ni mkubwa kiasi gani?"

Nilingoja aseme miaka yangu. Aliijua, nilikuwa nimemwambia mwenyewe.

"Shibiri saba na nyanda tatu," baba akasema, na sauti ikamkatika.

Wazee wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kifundi. Baba akawaacha wacheke mpaka wakamaliza, akajifuta uso kwa kiganja, kisha akawaambia ameridhia.